Muulize Jina la Mamake

Kwako Faki, mwanangu uliyenichosha,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki ya kila Muislamu, hata mkaidi, kwa hivyo haki yako umeipata. Mambo ya kuulizana hali nayaacha. Hali yako naijua, unalala chumba cha pili na kila ukigeuka kitanda kinanipa habari. Na hali yangu unaijua, maana weye ndiye uliyeiharibu.

Nakuandikia kwa herufi za chuoni, kutoka kulia, kwa sababu ndizo nilizofundishwa. Hizo za skuli miye nazisoma kwenye chupa ya dawa tu. Najua utasoma polepole, unakwama na kurudi nyuma kama mtoto wa juzuu ya kwanza. Vyema. Siku kumi hizi kila nikifungua kinywa unanikatiza, "Nimefahamu, mama." Hujafahamu. Karatasi haikatizwi.

Sasa imetoka alasiri. Weye umekwenda Vitongoji kumuaga mjomba wako. Dada yako Zuhura yuko uwanjani anageuza karafuu juu ya majamvi, na mama mkubwa wako Bi Asha amekaa mlangoni anakushonea vifungo, huku ananisema kwa sauti ya kunitosha kusikia. Kesho asubuhi gari litapita hapa Ole likuchukue mpaka bandarini, kisha Unguja, Dar es Salaam, gari la moshi, ziwa, halafu Kongo. Kongo, Faki! Watu wanaikimbia na vitanda vyao kichwani, weye unaifuata, na mkononi huna hata fimbo ya kufukuzia mbwa. Una kamera.

Habari za kuvaa fulana nzito na kutokula vya njiani sikuandikii. Hizo atakwambia Bi Asha, na atazirudia mpaka gari liondoke, na ninavyomjua dada yangu atalikimbilia. Miye nina jambo langu moja. Umeniomba radhi yangu mara tatu na mara tatu nimekunyima, na mara ya tatu ulitoka ukaliachia lango likajibamiza hata kuku wakaruka. Ukadhani nimekunyima kwa sababu ya vita. Hebu kaa kitako, ukiwa melini au ndani ya gari la moshi, nikwambie.

Lilianza na njugu.

Siku ile nilikwenda Chake kununua uzi. Nikanunua na njugu za senti kumi, mwanamke anayeziuza akanifungia kwa karatasi ya gazeti, umbo la pembe, kama wafungavyo. Nikala mbili tatu njiani. Nilipofika nyumbani nikaikunjua karatasi niwamiminie wenzangu sahanini, namuona mtu. Kalala kifudifudi barabarani, mkono mmoja umekunjika chini ya kifua, kanzu imempanda mpaka mapajani, kiatu kimoja kiko mbali naye. Na doa la mafuta ya njugu liko pale mgongoni kwake. Miye nimekula kutoka juu ya mgongo wa maiti, Faki.

Weye ulikuwa ukumbini unafuta vioo vya kamera yako. Nikakuletea.

"Nani huyu?"

Ukaitazama, ukatabasamu. Ulitabasamu, usibishe, na Bi Asha alikuona. Ukasema, "Hii yangu hii, mama! Niliipiga Unguja siku zile za fujo za uchaguzi. Hii ndiyo waliyoiona wale watu wa gazeti wakanipa kazi ya Kongo."

"Sikuuliza ya nani. Nimeuliza nani."

"Sijui, mama. Maiti tu."

Maiti tu. Miaka ishirini na sita naosha maiti wa kike katika mitaa hii. Nimeosha vibibi wasiozidi uzito wa paka, nimeosha wazazi waliokufa na watoto wao tumboni, na sijapata kumuosha mtu anayeitwa Maiti Tu.

Nikakuuliza, "Hukumuuliza mtu yeyote?"

"Mama, mawe yanaruka juu ya kichwa changu. Nimuulize nani?"

"Basi ulimfunika? Hata ile kanzu, uliishusha?"

Hapo ndipo ulipoweka kitambaa chini, ukanijibu kwa ile sauti yako ya kumfahamisha mtoto: "Kazi yangu si kufunika, mama. Kazi yangu ni kuonyesha. Kila mtu akifunika, walioko mbali watajuaje kilichotokea?"

Nikakwambia, "Basi nenda ukaonyeshe, lakini radhi yangu huipati." Na Bi Asha, asiye na akili ya kunyamaza, akauliza, "Na njugu?" Nikasema nimemwaga. "Khaa! Njugu zina kosa gani?"

Ndiyo ugomvi wetu wote huo. Lakini yaliyobaki kwangu hukuyaona, kwa sababu ulikwisha toka na lango lako. Lile jibu lako limekaa nami siku zote hizi. Nalala nalo, naamka nalo, nasali linanikatiza kwenye rakaa. Na kinachonikera ni kwamba kila nikitaka kusema umekosea, nakumbuka mambo mawili niliyoyafanya miye. Sijapata kumwambia mtu yote mawili. Bi Asha analijua moja tu. Weye nakupa yote mawili, na ukimaliza kusoma uichome karatasi au uitie ziwani, hiari yako.

La kwanza lilikuwa kabla hujazaliwa. Aliyenifundisha kuosha ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mize, mwanamke mkali kama siki. Kabla hajaniruhusu kushika hata kata ya maji alinikalisha akaniambia: "Riziki, jicho la muosha ni kaburi la kwanza. Ukiona jema kwa maiti, toka nje ukaliseme. Ukiona baya, lizike naye." Nikasema nimefahamu, bibi. Unaona ulikolitoa neno lako?

Maiti wangu wa tatu au wa nne alikuwa Bi Time, mama mtu mzima, msafi, mwenye binti mmoja aitwaye Salma aliyekuwa ameposwa na harusi imekaribia. Tulipomvua nikaona mabaka mgongoni na kwenye paja, meupe, yasiyo na hisia; hata mtu akiwa amekwisha kufa, ukiyatazama unajua. Ukoma. Alikaa nao miaka chini ya nguo zake na hakuna aliyejua. Bi Mize aliniangalia mara moja tu, akaendelea kumimina maji ya mkunazi kama kwamba anaosha mwanasesere.

Nilikaa nalo siku mbili. Ya tatu niko kisimani na shoga yangu, kamba mkononi, nikamwambia. "Usimwambie mtu, lakini…" Faki, sikuwa na uadui na Bi Time wala na Salma. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeona jambo ambalo wengine hawajaliona, na lilikuwa tamu mdomoni. Kufika Ijumaa mji mzima unalo. Posa ikavunjwa. Watu waliokuwa wakipita kwao kunywa maji wakaanza kupita njia nyengine.

Baada ya arubaini Salma akaja kwangu. Nilikuwa nimewapelekea chakula kwenye sinia siku ya msiba, basi alikuja kulirudisha. Hakupanda barazani. Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Sinia lako hilo, Bi Riziki. Nimelisugua kwa mchanga mara tatu. Na wakati wa kuja sikulishika kwa mkono, nimelishika kwa kanga." Akageuka akaenda zake. Hakunitukana hata neno. Na miye, Mungu anisamehe, nilisubiri mpaka akapotea kwenye mikarafuu, nikalichukua lile sinia nikalisugua mara ya nne.

Sinia lenyewe ni hili unalolia wali kila Ijumaa. Nililiweka makusudi.

Basi nikaapa. Nikajifunga mdomo wangu kwa fundo la kamba ya ng'ombe. Na hapo ndipo nilipolitenda la pili, na hili weye ulikuwa umeshazaliwa, unatembea.

Jina la marehemu huyu sikutajii. Alikuwa mke mdogo, hata nywele zake zilikuwa bado laini za kitoto. Mumewe alisema ameteleza kisimani. Nilipomgeuza nikaona michirizi ya mkanda mgongo mzima, mipya juu ya ya zamani, na ya zamani juu ya ya zamani zaidi. Kisima hakina mkanda, Faki. Mwenzangu niliyekuwa naye aliona, nikamwangalia kama Bi Mize alivyoniangalia miye, akainamisha kichwa. Tukamaliza, tukamfukiza ubani, tukamvika sanda. Nilipotoka nje wazee wakaniuliza, "Vipi, Bi Riziki?" Nikajibu, "Mashaallah, uso wake ulikuwa na nuru." Watu wakalia kwa faraja. Mumewe akalia kupita wote. Na miye nikasifiwa, wakasema huyu ndiye muosha, huyu anajua kusitiri.

Yule bwana akaoa tena mwaka ule ule. Na mwaka haukutimia, mke wa pili akaniingilia jikoni mkono umevunjika, umening'inia kama tawi. Nikamfunga kwa vijiti na kitambaa. Hakulia. Nilipokaza fundo la mwisho akasema, "Si weye uliyemuosha mwenzangu?"

"Ndiye miye."

"Hukuona?"

Faki, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kunywa uji, mwanangu, utapoa."

Yuko hai. Kaka zake walikuja kutoka Makangale wakamchukua, na leo ana watoto wakubwa. Lakini hakuna hata kidole changu kimoja katika hilo. Lau ningesema neno moja kwa wale wazee, mkono ule usingevunjika.

Kwa hivyo uliponitupia lile jibu lako la kuonyesha, mwanangu, ulinikuta sina la kusema, na mtu mzima asiye na la kusema hupiga kelele. Nimewahi kuonyesha nikaharibu nyumba ya watu. Nimewahi kufunika nikamvunja mtu mkono. Ukiniuliza mpaka uko wapi, sijui! Nimesali juu yake miaka na sijui. Ninachokiona, nikiyageuza mambo haya mawili kama Zuhura anavyogeuza karafuu, ni kwamba mara ya kwanza nilisema kwa utamu wa kusema, na mara ya pili nilinyamaza kwa utamu wa kusifiwa. Mara zote mbili yule aliyelala kitandani nilikuwa nimeshamsahau. Ndiyo maana lile tabasamu lako liliniuma kupita maneno yako. Nililijua. Lilikuwa langu, la kisimani.

Na usifikiri sioni mengine. Tangu urudi kutoka Unguja unaosha mikono kama mtu anayetoka ufuoni kuosha maiti. Nyama hugusi, unasema umeshiba. Juzi Zuhura kaangusha kifuniko cha sufuria, ukasimama umeshika ukuta, kisha ukamtukana mtoto wa watu tusi ambalo sikukufundisha miye wala marehemu babako. Akaja kulia kwangu: "Mama, kaka kageuka." Nikamwambia, hajageuka, amechoka na safari. Nimefunika tena, unaona? Tabia haifi.

Ukweli ni kwamba nilijua una nini siku ya kwanza uliposhuka kwenye gari. Bi Mize alikuwa na desturi. Tukitoka kuosha, tukishaoga, hakuniacha nirudi moja kwa moja kwangu. Alinikalisha jikoni kwake, ananipa muhogo na kisu. "Menya." Namenya mpaka pishi nzima. Akisema, mikono iliyoshika maiti lazima ishike chakula siku ile ile, tena mbele ya mtu anayeongea upuuzi. Naye atakaa hapo ananipigia porojo za kuku wake na wakwe zake mpaka akaniona nimecheka. Ndipo aniambie, "Sasa nenda kwa watoto."

Alipokufa nikaiacha. Nikaona ni mambo ya wazee. Basi siku niliyomuosha yule mwenye michirizi nilikuja moja kwa moja nyumbani, na weye, mtoto wa miaka mitano, ulikuwa umemwaga tui la nazi. Unakumbuka? Miye namuomba Mungu usikumbuke, lakini nakuona mpaka leo nikinyanyua mwiko haraka unafumba macho. Nilikupiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Sikuwa nampiga mtoto, wala sikuwa napiga kwa sababu ya tui. Nilikuwa nampiga yule mwanamme. Nawe ulikuwa karibu.

Sijapata kukuomba radhi kwa hilo. Weye ndiye uliyeniomba yangu mara tatu, na miye deni langu la miaka kumi na tisa nimelikalia kama kuku. Nakuomba sasa. Nisamehe, Faki.

Kwa hivyo huko uendako, ukitoka kupiga hizo picha zako, usende moja kwa moja kwa mtu unayempenda, wala usimuandikie barua siku hiyo. Tafuta jiko la mtu. Kongo kuna muhogo, nimesikia wanakula kuliko sisi. Omba kisu umenye. Watakuona mwendawazimu; waache.

Na huyo Mzungu wako wa gazeti, anayesema kazi hii inataka moyo wa jiwe, mwambie mamako amesema jiwe halioshi maiti.

Mwalimu wako wa chuoni alinijia siku ulipoanza kazi pale studio Chake. "Bi Riziki, mtoto anapiga sura za watu, utajibu nini kwa Mola?" Nilikuwa tayari kukutoa. Jioni ile ulinikuta nakuna nazi, ukakaa kwenye kizingiti, ukasema, "Mama, sura ya baba imeanza kunitoka. Kofia yake naiona. Uso siuoni." Nikaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha na kifuu kikaanza kuingia. Maana ni miye niliyemuosha babako, mwanamme pekee niliyemuosha, kwa kuwa mke anaruhusiwa. Na uso wake naujua kwa vidole. Lakini vidole havirithiwi. Sikukutoa studio. Kwa hivyo kamera hii, tukitafuta wa kulaumiwa, nami nimo.

Sasa nikwambie khofu yangu, kisha nimalize, maana Zuhura anaanza kukusanya karafuu na Bi Asha amemaliza vifungo, atakuja kutazama naandika nini.

Kufa kutakukuta popote. Babako hakwenda Kongo. Alipanda juu ya mkarafuu asubuhi, akaanguka, na kabla ya adhuhuri aliletwa amelazwa juu ya mlango. Hilo nimemkabidhi mwenyewe aliyeliandika. Ninachoshindwa kukikabidhi ni hiki: kwamba utalala kwenye barabara isiyo na jina, kanzu imekupanda, na kijana mwengine mwenye kamera atakuja, mtoto wa mwanamke mwengine, atapiga, atatabasamu kwa kuwa jua limekaa vizuri, na akiulizwa nani huyu atasema maiti tu. Na mwanamke mwenzangu wa soko fulani atafungia njugu. Hapo ndipo ninapokatika, Faki.

Unajua kabla jeneza halijatoka nyumbani, mwenye kusoma talakini ya kaburini hupiga hodi upande wa wanawake, akauliza jambo moja tu: "Mamake nani?" Kwa sababu kule kaburini maiti haitwi kwa babake wala kwa ukoo wala kwa cheo. Huitwa kwa mamake. Ewe fulani mwana wa fulani. Mwaka ule wa karafuu nyingi alikufa hapa mwanamke mmoja mchumaji, mgeni kutoka bara, peke yake. Nilimuosha. Shehe akaja, "Mamake nani?" Tukaulizana wote, hakuna aliyejua, hata wale aliokula nao, aliolala nao jamvi moja msimu mzima. Shehe akasema basi, tutamwita mwana wa Hawa, maana Hawa ni mama wa wote. Na ni sawa katika dini. Lakini nilikaa pale nikatazama chini kwa haya. Msimu mzima, na hakuna aliyemuuliza.

Yule mtu wako wa Unguja nimemsomea Fatiha kila usiku tangu siku ya njugu. Namwita mwana wa Hawa. Karatasi yake ninayo ndani ya kasha; nimeipangusa mafuta kwa unga, nimeikunja kwa ndani.

Uliniambia wamekuchukua weye kwa kuwa watu wa upande ule wa Kongo wanasema Kiswahili, na wapiga picha wa Kizungu hawakijui. Wao basi wana udhuru. Weye huna. Kinywa unacho. Kwa hivyo sikukatazi kuonyesha. Nimekwisha kukwambia kufunika kulinifikisha wapi. Lakini kila utakayempiga, aliye hai au aliyekufa, askari au mtoto, uliza. Kama ni maiti muulize aliye karibu, na kama hakuna aliye karibu rudi kesho yake uulize. Muulize jina la mamake. Uliandike, ulipeleke pamoja na picha. Hao wa gazeti wasipolitia, hiyo ni juu yao na watakutana nayo. Weye uwe unalo. Na mtu ukishamuuliza mwenzako mama yako nani, utaona mwenyewe unavyokishika kile chombo chako baada yake. Huenda utapiga. Huenda utakishusha. Sitakuwapo kukwambia, na hata ningekuwapo, nimekwambia, sijui.

Chini ya mashati utakuta bafta, kitambaa cheupe, mikono minne. Bi Asha aliniona nikiikata, akapiga ukelele: "Riziki! Mwanao unamfungia sanda?" Nikamwambia si ya kwake, ni ya watakaokuwa hawana. Hata upande mmoja, Faki, hata uso tu. Piga, na ukishapiga, funika. Mambo yote mawili yanaingia katika mikono ya mtu mmoja. Miye sikujua ila sasa nikiandika.

Na leo nimeigusa hiyo kamera yako. Kwa mara ya kwanza. Usishtuke, nilitia udhu. Ndani ya mfuko wake wa ngozi, pale kifuniko kinapolala, nimekushonea kitambaa, na juu yake nimeandika kwa uzi mwekundu ule niliouendea Chake siku ya njugu. Herufi za chuoni upande mmoja, na za skuli upande wa pili; hizo alinichorea Zuhura nikazifuata kwa sindano. Usikibandue hata wenzako wakicheka. Atakayekiokota, wa dini yoyote, asiwe na haja ya kumsumbua Hawa.

Radhi yangu nakupa. Nakupa yote, sibakishi, na nikichelewa kusema kesho mbele ya watu kwa kuwa nitakuwa nagombana na Bi Asha au na utingo wa gari, basi jua ilikwisha kuandikwa leo, kabla ya magharibi, kwa mkono wangu. Nami nasubiri ya kwangu, ya lile tui.

Nasikia lango. Umeliachia tena.

Kitambaani pameandikwa hivi:

Faki mwana wa Riziki.